Wapya Wakija, Ndoo Inabaki

Kazi yangu ni kupaka rangi mabamba ya chuma. Yamesimamishwa jangwani nje ya Riyadh, mbali kiasi kwamba bila darubini huyaoni vizuri. Watu wanalala kifudifudi na bunduki, wanayalenga, na kundi likimaliza mimi naenda na pikapu kufunika alama za risasi, ili kundi linalofuata lijue limepiga wapi. Shule niliiachia darasa la tano. Brashi haijawahi kuniuliza cheti.

Nilianzia Jeddah, nikikaa Al-Hindawiyah na Wakenya wenzangu. Huko ndiko mguu wangu ulikoharibiwa. Supavaiza wetu, Mkenya kama mimi, tena wa kwetu Magharibi, aliniambia, "Yalla, nenda, wamemaliza." Hakuwa ameangalia. Mpwa wa kafili, yaani mwajiri aliyeshika vibali vyetu, alikuwa bado na risasi kwenye bunduki, na kidole chake kikacheza. Risasi ikagonga bamba kando yangu, kipande kikaniingia pajani. Hospitalini supavaiza alisema nimeangukia chuma. Kafili akasema halas, yameisha, akanigawa kwa bosi wa klabu ya kulenga shabaha ya Riyadh kama mtu anayegawa kiti kibovu. Nawataja hao watatu kila nikiulizwa kwa nini nachechemea, na sitaacha. Huyo mpwa hakuwa anajifunza. Alikuwa na vikombe vya ushindi nyumbani.

Bosi wa Riyadh aliniuliza nataka nini ili nikubali kwenda kule mbele kwenye mabamba tena. Nikamwambia nataka bolti. Ni kile chuma kinachovutwa nyuma kuingiza risasi. Ukikichomoa, bunduki inabaki bomba tu. Kwa hiyo kabla sijaondoka, kila mpigaji anatia bolti yake kwenye ndoo tupu ya rangi, na ndoo naipakia kwenye pikapu, naenda nayo. Nikiwa kule mbele, bolti zao zote ninazo mimi.

Wapya hawanisumbui. Wanaichomoa pole pole, wanaifuta, wananipa kwa mikono miwili. Wakongwe ndio wananung'unika. Mchanga utaingia, muda unapotea, ndoo ni ya wanafunzi. Mwaka huu walimchosha bosi. Akaniambia ndoo itakuwepo kwenye mashindano kama kundi la wapya litajaa, maana wapya na wakongwe wanapiga kwenye mstari mmoja, na ndoo ikipita ni ya wote. Lisipojaa, mafi ndoo, hakuna. Nitaenda kule mbele kwa kuamini maneno ya wakongwe.

Nikageuka mhubiri. Kila aliyekuja kutazama nilimfuata na chai. Niliwaambia bunduki wataazimwa, mkongwe atakaa kando na darubini awaambie upepo unavuma vipi, na hakuna anayetarajia mtu mpya apige kila bamba. Mfamasia mmoja alikubali. Mke wa mwanachama wa klabu akakubali, akamleta dada yake. Ikabaki nafasi moja.

Nilimtaka dereva Mkenya anayeendesha gari la mwanachama kutoka Al-Sulimaniyah. Bosi wake alishakubali kumsimamia. Yeye ndiye hakutaka.

"Mzee, unataka Waarabu wanicheke mpaka kibali changu cha ikama kiishe?"

"Watakucheka asubuhi. Mchana wana njaa."

"Na nikipiga bamba la jirani?"

"Utakuwa umepiga bamba. Wengi wanapiga mchanga."

Akacheka, kisha akaniuliza mimi nafaidika nini hapo. Sikuzunguka. Nikakunja suruali, nikamwonyesha paja.

"Kundi limepungukiwa na mtu mmoja," nikamwambia. "Nataka kwenda kule mbele na kurudi."

Aliangalia lile kovu, akarudisha macho kwenye gari. Akasema sawa, aandikwe.

Siku ya mashindano risasi yake ya kwanza iligonga bamba la jirani. Bosi wake alicheka mpaka akalegeza kilemba. Dereva naye akacheka, akalala tena, akangoja yule wa darubini amwambie upepo umetulia, akapiga la kwake. Lilisikika kwa mbali, tin.

Kundi lilipomaliza nikapita na ndoo. Mkongwe aliyekuwa anapinga kuliko wote hakuinuka. Akasema bunduki yake haina kitu, niangalie mwenyewe niende. Sikuangalia. Nilisimama pale na ndoo, na mguu unauma. Dereva, aliyekuwa amelala mkeka wa pili, akatia bolti yake, akasema kwa upole, "Baba, tunakungoja wewe tu."

Yule mkongwe akamtazama bosi wangu. Bosi akaonyesha ndoo kwa kidevu. Mkongwe akachomoa. Kweli haikuwa na kitu ndani, na alihakikisha nimeona. Mimi sikutaka kumshinda. Nilitaka bolti iwe ndani ya ndoo.

Nilipaka rangi mabamba yote bila kugeuka nyuma hata mara moja, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu Jeddah.

Bosi amesema mashindano yajayo sharti ni lile lile: wapya wajae. Dereva alishika mkia, na ameshajiandikisha tena. Anasema atamleta mlinzi wa jengo lao. Nimemwambia alete wawili, maana mmoja anaweza kuogopa njiani.