Ua la Unga Kizingitini

Tasnifu yangu inahusu mtaa wa Wahindi wa Kolwezi, na hakuna mstari hata mmoja ndani yake unaotaja unga. Msimamizi wangu aliuliza kwa nini sura ya kufukuzwa ni fupi hivyo. Nilimjibu kwamba vyanzo ni haba. Chanzo ni mimi.

Mama alishona nguo barazani pa duka la mjane wa Kihindi. Mama na mimi tulizaliwa Kolwezi; babu ndiye aliyeletwa kutoka Kasai kuchimba shaba. Mgodi ulipoanza kufa, ilisemwa kwamba waliouua ni watu wa Kasai, tukaitwa bilulu, yaani wadudu. Nyumba yetu ilipochomwa, mjane alituficha stoo, akapigilia mbao madirishani ili ionekane kwamba naye amehama kama Wahindi wenzake. Siku ya tatu shemeji yake angekuja na lori kutuvusha hadi Zambia.

Kila alfajiri, tangu nimjue, mjane alichora ua kwa unga kizingitini ili baraka iingie. Niliwahi kulikanyaga, akanizaba kofi. Siku hiyo ya tatu nilichungulia kwenye ufa wa mlango: ua lilikuwa pale, jipya, jeupe. Mkono ulikuwa umelichora kwa mazoea tu. Nilielewa mara moja maana yake kwa mpita njia. Nilikuwa na miaka tisa na ningeweza kulifuta. Nikabaki nikipima: kofi upande huu, na upande ule kitu ambacho sikutaka kukitaja. Nilikuwa bado napima niliposikia sauti.

“Unga iko mupya hii!” Alikuwa jirani yetu, muuza makaa. “Bantu banalala njala, ye anachora nayo maua!”

“Beko mundani,” kijana mmoja akacheka, akituelekezea kidole kule ndani.

Mjane akafungua. “Hapana muntu. Mi peke yangu.”

“Mama, we hatukutafute. Utoshe bilulu, magazini yako tunaiacha,” jirani akamwambia mjane: atutoe sisi, duka lake lisiguswe.

Mjane akamtazama mama. Mtazamo huo nimeurudia kuliko andiko lolote, na bado sijui kama alikuwa anaomba radhi au anakadiria. Kisha akasogea kando.

“Mama Muhindi,” mama akasema, “hata nguo ya musiba wa bwana yako, mi njo nilishona.”

Hatujafika pembeni mwa barabara, majora ya vitambaa yalikuwa tayari yanatupwa nje ya duka la mjane.

Stesheni, tukisubiri treni katikati ya maelfu, mama aliona nyayo zangu zilivyokuwa nyeupe.

“Asubuhi, uliiona?”

“Nini?”

“Ile unga.”

Nikasema hapana. Akanipangusa kwa kitenge chake, unyayo mmoja, kisha wa pili. Alifia behewani, kabla hatujafika huko Kasai walikokuita kwetu, na jibu langu lilikuwa bado lile lile.