Nilisema Mzee Amepumzika

Aibu hii ni yangu, na hapa Nyololo kila mtu anaisimulia anavyotaka, wengine wameongeza hata jeneza ambalo halikuwepo, kwa hiyo bora mnisikilize mimi mwenyewe.

Mnanijua. Niliondoka hapa na begi moja, nikarudi na diploma ya kilimo cha bustani, nikajenga nyumba ambayo hakuna aliyenichangia hata msumari, na tangu nirudi hakuna bustani ya nyumbani inayofikia yangu. Nilikuwa nimetangaza kwamba mwaka huu nitakula nyanya zangu wakati wengine bado wananunua sokoni, ndiyo maana nilisia mbegu mapema, kipindi ambacho kila mtu huku anaogopa sakitu (ile baridi ya Juni inayogandisha umande kwenye majani mpaka yanaungua kama yamemwagiwa maji ya moto).

Siku hiyo mchana anga lilikuwa safi, upepo umetulia, na diploma yangu ikaniambia usiku sakitu itashuka. Nikafunga turubai la bluu uani, nikawasha magogo ya mlingoti, yaani mkaratusi, pembeni ili joto na moshi vikae chini yake, ikabaki kuinua trei za miche kutoka ardhini. Hapo ndipo nilipoamua kwenda kuazima mabenchi ya kanisa.

Mama Upendo, anayetunza mabenchi hayo, akaniuliza ni ya nini. Ningesema tu kwamba ni ya miche ya nyanya. Lakini sikutaka mtu aige mbinu yangu kabla haijafanikiwa, nikamwambia kuna jambo la ghafla nyumbani.

"Na mzee wetu anaendeleaje?" akauliza. (Baba mkwe alikuwa ametoka Idodi, kwenye joto, kuja kutibiwa kifua, na baridi yetu ilikuwa inamtesa, kanisani walikuwa wanamwombea.)

Mimi akili iko kwenye miche. Nilikuwa nimemwacha kajilaza kidogo, nikajibu, "Mzee amepumzika."

Mama Upendo akashika kifua, akaniambia nichukue mabenchi yote. Nikaona kweli sasa heshima yangu hapa imekua.

Sijamaliza kupanga trei, watu wakaanza kuingia. Wanaume wakavua kofia, wakakaa kwenye mabenchi yaliyobaki, wakanyoosha mikono motoni. Akina mama wakapita nyuma na kuni na sado za unga, kanga zimefungwa kiunoni. Nikajua wamekuja kujifunza.

"Pole sana, Baba Tumaini," akasema jirani yangu, Baba Furaha.

"Nimeshapoa. Mwaka jana ilinishtukiza, mwaka huu nimejiandaa mapema."

Akanitazama. "Mnasafirisha kwenda Idodi, au ni hapa hapa?"

"Idodi ya nini? Hapa hapa, nyuma ya choo. Mashimo tayari, na samadi nimeshaweka."

"Nyuma ya choo," akarudia taratibu. "Baba wa mkeo."

Kabla sijaelewa, mke wangu akatokea barabarani akirudi kusaga. Akaona turubai, mabenchi, moto na watu, na ndani ya nyumba hiyo alikuwa amemwacha baba yake mgonjwa. Ndoo ya unga ikaanguka, akapiga yowe, "Baba yangu, umeondoka bila kuniaga." Hapo ndipo nilipojua mimi nilichosema. Yowe lile sijalisahau, na watu wakifika hapo kwenye kusimulia, mimi huwa sicheki.

Mlango ukafunguliwa. Baba mkwe akatoka na blanketi mabegani na kikombe cha chai mkononi, akatazama uwanja mzima.

"Amefariki nani?"

Mama Upendo akasema kwa sauti ndogo, "Wewe, mzee. Mkwe wako alisema umepumzika."

"Nilipumzika. Nimeamka." Akasogea motoni, watu wakampisha, akakaa. "Na huyo wa nyuma ya choo ni nani?" (Kumbe dirisha la chumba chake lilikuwa wazi muda wote.)

Walicheka mpaka wengine wakaegemea magogo ya kuni. Mke wangu hakucheka. Alifuta machozi kwa kanga, akaniambia, "Shusha turubai."

Nikaanza kumweleza habari za sakitu.

"Watu bado wanakuja, Baba Tumaini. Shusha."

Na kweli, kutoka upande wa barabara kuu kilio kingine kilikuwa kinakaribia. Nikashusha, nikazima moto, nikarudisha mabenchi ya watu, na njia nzima napewa pole na watu wanaojizuia kucheka.

Asubuhi miche yote ilikuwa imelala, majani meusi. Baba mkwe akaja na chai yake, akasimama pembeni yangu, akaitazama kwa muda.

"Pole, mkwe," akasema. "Nayo imepumzika."

Ushauri wangu wa kitaalamu, na ninautoa bure, ni huu: ikifika Juni funika miche yako kwa nyasi kavu, pale pale ardhini, na jirani akiuliza unafunika nini, mwambie. Na mtu akiniuliza siku hizi hali ya baba mkwe, mimi simjibu. Namwita mzee aje ajibu mwenyewe.