Mkono wa Bwana Mistari

Kwa miaka thelathini na miwili alikuwa bwana shamba, na watu walimwita Bwana Mistari. Alipita vijijini kwa baiskeli, kamba begani, akifundisha kupanda kwa mstari, shamba moja zao moja. Aliyechanganya mtama na kunde na maboga aliambiwa ang'oe. Asiyeng'oa, aling'olewa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na waraka kutoka juu, na aliuamini kuliko macho yake.

Alipostaafu, nyumba ilimshinda. Mkewe alimkuta siku moja akipanga vikombe kabatini, vishikio vyote vikitazama upande mmoja.

"Baba watoto," akamwambia, "katafute kazi kabla hatujakosana."

Kazi ikapatikana kwenye makumbusho ya maisha ya shambani, nje kidogo ya mji. Hayakuwa makumbusho ya vitu vya kutazamwa ndani ya vioo. Palikuwa na nyumba za udongo, zizi, kinu, ghala na shamba lenyewe, na wafanyakazi walilima, walitwanga na kukamua mbele ya wageni kama walivyofanya babu zao. Yeye akapewa shamba, na agizo: apande kizamani, mbegu zichanganywe, zirushwe kwa mkono.

Akarusha. Mvua ikanyesha, miche ikachomoza. Msimamizi, mama mpole mwenye miwani, akaja kutazama.

"Mzee wangu, hii mistari imetoka wapi?"

Bwana Mistari akainamisha kichwa kutazama. Kweli, mtama ulikuwa umejipanga kama askari kwenye gwaride.

"Sikukusudia," akasema. "Nadhani ni mkono."

Wiki hiyohiyo alikuja bibi mmoja na binti yake na wajukuu. Alilitazama shamba, akamtazama mlimaji, kisha akashika uzio na kucheka mpaka machozi yakamtoka.

"Bwana Mistari! Hata huku wamekuajiri?"

Hakumkumbuka. Bibi akamkumbusha: shamba la bondeni karibu na kisima, maboga yameanza kutambaa. "Uliyang'oa kwa mkono wako, mimi nina mimba ya huyu," akasema, akimwonyesha binti yake. "Mwaka ule jua likaunguza mtama wote. Maboga ndiyo yangetuvusha."

"Mlikula nini?"

"Tulikula kwa kaka yangu, miezi minne. Na wifi yangu alinisimanga kwa hiyo miezi minne mpaka anaingia kaburini."

Mwaka uleule Bwana Mistari alipewa cheti cha bwana shamba bora, na bado kilining'inia sebuleni kwake.

"Nisamehe, dada yangu."

"Hilo nitalifikiria. Kwanza lete hiyo mbegu. Unarusha kama mtu anayelisha kuku wa jirani."

Akavua viatu, akaingia. Alimwonyesha kwenye kipande kilichobaki bila kupandwa: mkono uanzie kiunoni, vidole vilegee, mguu usifuate mguu kwa mstari, na macho yasitazame chini. Wageni walipiga picha, wakidhani ni sehemu ya maonyesho. Msimamizi alitaka kumpa kazi papo hapo, bibi akakataa.

"Nimelima miaka hamsini hakuna anayenitazama. Leo nitaona haya."

Hata hivyo alirudi Jumamosi tatu mfululizo, akakosoa, akaondoka. Kuhusu msamaha hawakuzungumza tena.

Miezi miwili baadaye majani ya maboga yalifunika kile kipande chote. Siku ya jua kali, mchana, Bwana Mistari alipiga magoti, akapenyeza kidole chini ya jani. Udongo ulikuwa na unyevu. Akaenda kwenye mistari yake, ambako udongo ulibaki wazi katikati: mkavu kama jivu. Alirudia mara tatu, huku na kule, kama anayetafuta kosa. Alijisikia aibu, lakini zaidi alijisikia hamu ya kujua, na hasira kidogo kwamba kidole hicho alikuwa nacho siku zote.

Tangu hapo aliwasimulia wageni yote, hata habari za cheti. Msimamizi alimwomba asiwaambie watoto wa shule habari za kung'oa, kwa kuwa hazimo kwenye kibao cha maelezo. Aliitikia vizuri, akaendelea kuwaambia.

Alifanya misimu minne, mpaka magoti yakagoma. Shamba akapewa mwanamke aliyekuwa kwenye kinu. Bwana Mistari akamkabidhi ufunguo wa ghala, akamwonyesha ng'ombe anayepiga teke, na kabla ya adhuhuri alikuwa ameshafika nyumbani kwake.