Bakari, Salamu Zetu Hazijaisha

Akili yangu bado inakataa. Leo asubuhi nimefika ofisini Msambweni nikamimina vikombe viwili vya chai, kimoja changu na kimoja cha Bakari, halafu nikabaki nimesimama pale kama mjinga.

Kwa wasiomjua: Bakari wa Kinondo alikuwa mpiga picha wa team yetu. Si picha za harusi. Alikuwa anapiga picha ya nyuma ya jicho, kwenye retina, mahali ambapo mishipa ya damu inaonekana wazi bila kisu wala sindano. Mimi hukaa kwenye kompyuta nikapima upana wa mishipa hiyo, mmoja mmoja.

Jumamosi alasiri alikuwa anacheza mpira na wenzake. Akakaa chini kama mtu aliyechoka, akalala, hakuinuka tena. Daktari anasema ni moyo.

Mradi wetu unatafuta watu wasioumwa. Hapo ndipo kwenye kazi, maana nani ataacha shamba lake akapimwe macho na haumwi chochote?

Mama mmoja wa Bongwe alituuliza hivyo hivyo, mikono kiunoni. Nikaanza kumweleza mambo ya presha na sukari, Bakari akanikatiza kwa upole. "Mama, nazi mbovu unaijuaje? Si kwa sababu nzima umezizoea? Basi na sisi tunataka kuyazoea macho mazima kwanza." Yule mama akaketi. Baadaye akaleta na dada zake.

Mwanzoni picha zetu zilikuwa vituko. Ukungu mtupu, mshipa mmoja unaonekana miwili. Nilimwandikia Bakari "retake", piga tena, mpaka nikaona haya.

Shida ilikuwa adabu. Mzee ameshaweka kidevu kwenye mashine, Bakari anamwamkia shikamoo, naye mzee hawezi kuitikia bila kumtazama mtu usoni. Anainua kichwa aseme marahaba, na kamera inalia hapo hapo. Picha imeharibika.

Mimi, mtoto wa Wakamba waliohamia Shimba Hills, nikatoa ushauri wangu wa haraka: acha salamu, tupige kazi. Bakari alinitazama kama niliyetukana.

"Dada Mueni, nimwingie mtu mpaka ndani ya jicho, na hata hali sijamuuliza?"

Akatafuta njia yake. Akawa anaiacha mashine, anakwenda kuketi na mtu kwenye benchi, wanaamkiana mpaka wanafika kwa wajukuu na mbuzi. Kisha anamwambia, "Sasa tunyamaze kidogo. Tukimaliza tutaendelea."

Na walikuwa wanaendelea kweli! Kamera ikishalia, mtu hajafuta hata machozi ya ule mwanga, Bakari yuko: "Enhe, tulikuwa wapi?" Foleni inanung'unika, mimi nanung'unika, supervisor anaangalia saa. Lakini picha zilitoka safi, hata vimishipa vyembamba kama uzi vikawa vinaonekana.

Jumapili tukamzika. Wanaume walipokwenda makaburini nilibaki na wanawake, nikaketi mkekani karibu na mamake.

Ukutani palikuwa na fremu moja tu. Mamake hapendi picha za watu ndani ya nyumba, lakini hii haikuwa na uso. Ilikuwa picha ya jicho la Bakari, duara la rangi ya chungwa na mishipa yake imetawanyika. Siku tulipoijaribu kamera, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kupigwa, akaichapisha akampelekea mamake.

Mama akaniinamia, akaniuliza kwa sauti ya chini. "Mueni mwanangu, wewe ndiye unayezisoma hizi. Mwanangu alikuwa mgonjwa akanificha?"

Sikutaka kumjibu kwa huruma tu. Nikamwomba anipe mpaka kesho yake.

Jana nikaifungua picha ile. Haina jina, ina namba tu, lakini ni ya kwanza kabisa na naijua. Nikaipima upya yote, mishipa inayoleta damu na inayoirudisha, inapogawanyika, inapopinda. Nisiwafiche, nilitamani nikute kasoro, angalau nipate cha kulaumu. Sikuikuta. Nikafunga mlango nikalia.

Jioni nikarudi Kinondo.

"Mama, jicho lake lilikuwa zima," nikamwambia. "Lakini nisikudanganye, kamera yetu inaona jicho, haioni moyo. Ya moyo siyajui. Ninachokijua ni kuwa nilishinda naye kila siku ya kazi, na sikumsikia hata mara moja akisema anaumwa. Sidhani alikuwa na la kukuficha."

Akaitazama ile fremu. "Alhamdulillahi," akasema. "Nilikuwa naogopa kwamba aliumwa peke yake."

Kisha akanisogezea nafasi mkekani, akaniambia nikae vizuri nimweleze Bakari wa kazini alikuwaje. Nikamsimulia habari za salamu na picha zilizoharibika. Alicheka, mama wa watu, huku anajifuta kwa leso. Alisema alikuwa hivyo tangu mdogo, ukimtuma chumvi dukani chakula kinakuungulia.

Bakari ndugu yangu, wiki ijayo tunakwenda Funzi. Kamera nitaishika mimi mpaka apatikane mtu. Usiwe na wasiwasi, nitaanzia kwenye benchi. Nitaulizia wa nyumbani, nitaulizia wajukuu, na mbuzi pia nitawaulizia. Supervisor ataangalia saa yake.

Mola akupokee vyema. Lala, kaka. Mimi na wewe tumenyamaza kidogo tu. Siku tukionana, wewe ndiye utakayeniambia tulikuwa wapi.