Tumbo ya Yaya Nilisema Ni Afya

Kosa ni yangu. Musinitafutie sababu, hata moja.

Miye niko fundi wa nguo, nashonea kwangu, mtaa wa Bel-Air. Yaya wangu, dada yangu mukubwa, amepita miaka makumi ine na saba. Bwana yake anauzisha samaki Kilwa, kule ku ziwa, njia mubaya, anarudia mara mojamoja. Batoto bameolewa. Yaya anabakia na nyumba.

Akaanza kuniletea libaya zake, blauzi za kikwembe, nipanue kiuno. Uso inakonda, tumbo inaongezeka. Mètre ya kupimia iko mukononi mwangu, naona, na sioni!

Mara ya tatu alikuta bateja bamejaa. Akaniambia polepole: "Mudogo, silale usiku. Asubui nakosa nguvu ya kuoga. Nataka nione munganga wa hospitali."

Unajua nilijibu nini? Nilimuzungushia mètre, nikapaza sauti: "Banamuke, muangalie! Bwana iko Kilwa, lakini samaki zinafika! Tumbo kama hii iko na ugonjwa gani?"

Bakacheka, bakapiga bigelegele. Kwetu tumbo nene ya mama ni sifa ya bwana yake: anamulisha muzuri. Yaya naye alicheka. Ee Mungu wangu, kucheka kule!

Hakuenda kwa munganga. Miezi minane! Hakuleta nguo tena, nikafikiri amepata fundi mwingine, nikamukasirikia. Aibu yangu!

Kumbe alikuwa anafunga kikwembe kimoja tu, madirisha hafungue, mpaka akaanguka jikoni, tukamukimbiza hospitali.

Munganga alipima sukari, akapima damu, kisha akamuuliza juu ya roho yake. Akatuambia ni dépression, ugonjwa ya huzuni, ya siku mingi. Akasema kwa bamama ba umri ule, huzuni na mafuta ya ndani ya tumbo zinaendaka pamoja mara mingi, na moyo inaweza kuumia.

"Hakuna muntu aliona?" akauliza.

Niliona miye, na mètre mukononi.

Sasa anakunywa dawa, lakini ananiangalia kama mugeni. Jana nilimuambia: "Yaya, Noeli tutakula kwako."

Akajibu: "Kama mutanikuta."

Bandugu, mukiona mama tumbo inaongezeka na maneno inapunguka, musimupigie bigelegele. Mumukalishe, mumuulize analalaka namna gani, na munyamaze mpaka amalize kujibu. Kwa munganga, muende naye siku ile ile!

Miye naenda kwake kila asubui. Nabisha. Mulango ikikawia kufunguka, nabisha tena, naita "Yaya!" mpaka nisikie miguu yake.