Miti ya Beldina Ufuoni

Katika daftari langu la mahudhurio ya vikao vya kijiji kuna safu ya "Unatoka wapi". Kwa miaka kumi na moja, mbele ya jina la Beldina Aoko, nimeandika Sondu, maana ndivyo anavyoniambia. Ameolewa hapa ufuoni, chini ya Otonglo, akazaa hapa, akamzika mume hapa, na bado hujiita mgeni. Nilishachoka kubishana naye.

Kazi yake ni kuanika omena, dagaa wa ziwani. Kila ziwa lilipofurika, alipanda tawi la ojuok, ule mti wa utomvu mweupe tunaozungushia maboma, pale pale maji yalipokomea. Tulimcheka. Tulisema mama huyu analijengea ziwa boma. Mimi nilicheka kuliko wote, na leo naona haya.

Mafuriko ya 2020 yaliibomoa nyumba yake. Akapanda tawi la tatu, akahamia kibanda cha mabati, na mwaka juzi akafunga mizigo arudi Sondu. Kisha kaunti ikaja kutuuliza tunataka soko la samaki lijengwe wapi. Akasema atahudhuria kikao hicho cha mwisho, halafu aende zake.

Injinia Shakir wa kaunti alitandaza ramani. Wazee wote wakaonyesha tambarare iliyo karibu na mitumbwi, naye akachora soko hapo. Nani anataka kupanda mlima na karai la samaki? Beldina akasimama.

"Bwana injinia, hii karatasi iko sawa, lakini maji haijui kusoma. Kuja nikuonyeshe."

Tukamfuata. Ojuok ya kwanza ilikuwa kisiki tu. "Hii ni ya El Niño." Tukapita ya pili. Ya tatu tuliifikia tukihema. "Hapa ilifika nikiwa na godoro kwa kichwa. Nilipanda ndio watu wasijenge chini tena."

Tukageuka. Ziwa lilikuwa mbali kule chini, limetulia kama halina neno na mtu. Miaka yote hiyo historia yetu ilikuwa imesimama pale, na sisi tukiifungia mbuzi! Shakir akafuta alichochora, akachora upya juu ya ojuok ya tatu.

Soko likajengwa huko. Mizigo ya Beldina ilibaki imefungwa. Alisema anangoja kuona.

Mwezi wa tano mwaka huu ziwa likapanda. Likaimeza tambarare yote, likaja, likaja, likakomea hatua nne chini ya ojuok ile. Tulisimama sokoni tukihesabu hatua hizo, hata wale wazee wabishi. Sijawahi kuogopa na kushukuru kwa pamoja namna ile.

Maji yalipopungua, tukaitwa kikao kingine, cha barabara. Nikielekea huko nilipita kwa Beldina nikaona kamba zilizokuwa zimefunga mizigo yake sasa zimekaza nyavu za kuanikia omena. Sikuelewa kitu. Kikaoni nikaandika jina lake, na mbele yake Sondu, kama kawaida.

Akainama juu ya daftari.

"Laban, futa hiyo Sondu. Andika 'Hapa'."