Birika Juu ya Friji

Mwanangu, ipo siku moja ninayoikumbuka kila nikiwa peke yangu naosha vyombo, na hadi leo uso hunichoma kwa aibu. Ilikuwa miaka ya tisini, nimeolewa karibuni, tumepanga nyumba mjini Homa Bay. Jikoni palikuwa padogo hata watu wawili tulipishana kwa ubavu, tena soketi ilikuwa moja tu, karibu na mlango.

Mama mkwe akatuma habari kwamba anakuja kutoka Lambwe na akina mama wanne wa kanisani kwao, kuona jiko la mke wa mwanawe. Ziara hizo unazijua: wanaleta kuku na mtama, kisha macho yanatembea. Nami nikataka yatembee vizuri. Birika la stima lilikuwa na mahali pake kwenye meza, kando ya ukuta, mbali na njia, waya wake ukifuata ukuta hadi kwenye soketi. Nikalitoa, nikalipandisha juu ya friji hapo mlangoni, juu ya kitambaa cheupe nilichofuma mwenyewe, ili aliyeketi sebuleni alione. Waya ukaning'inia mbele ya friji hadi kwenye soketi. Nilijiona mke wa mjini kweli kweli!

Mama alipofika alisimama mlangoni akatazama juu. Tulizungumza Kiswahili badala ya lugha yetu kwa ajili ya jirani yangu, Mkuria wa Kegonga, aliyekuja kunisaidia kupika.

"Nyar Awendo," akasema, yaani binti wa kutoka Awendo, ndivyo alivyoniita, "hii maji moto mbona umeweka juu ya kichwa ya watu?"

"Mama, hii ni ya stima," nikamjibu nikicheka. "Haina moto."

Chakula kilipoiva akaingia kunisaidia kubeba sahani ya ugali, ingawa nilimsihi aketi. Alipogeuka kutoka, bega lake likanasa ule waya. Birika likaanguka, maji yakichemka, yakamwagikia mkono wake wa kulia. Mwanangu, mkono huo ndio uliofinyanga vyungu, na vyungu ndivyo vilivyomsomesha mume wangu.

Jirani akautia mkono kwenye beseni la maji baridi. Wale akina mama wakaja mbio wakiuliza kumetokea nini. Ningeweza kusema kweli kwa neno moja. Badala yake nikasema, "Mama hajazoea vitu vya stima."

Wakaguna, wakatikisa vichwa. Mama akaniangalia, mkono ungali ndani ya beseni.

"Ndio," akasema polepole. "Mimi sijazoea."

Vidole viwili havikunyooka tena. Akaacha kufinyanga, na kule kwao wakawa wanamtania kuwa ameshindwa na birika. Alicheka pamoja nao. Mimi nilisikia, nikanyamaza.

Mwaka uliofuata nikashindwa kuvumilia. Nikaenda Lambwe, nikapiga magoti jikoni mwake, nikakiri yote nikilia. Akaniinua.

"Mimi nilikusamehe hiyo siku," akaniambia. "Lakini kunitia aibu ulifanya mbele ya watu. Kuomba msamaha umekuja tukiwa wawili."

Nikamwahidi nitasema kanisani kwao. Sabato ikapita, nyingine ikapita, kila mara nikipata kisingizio. Tukamzika kabla sijafungua mdomo, na hata siku ya mazishi kuna aliyelitaja lile birika, watu wakacheka kidogo, nami nikatazama chini.

Kwa hiyo nakwambia wewe. Jikoni pako padogo, kinachochemsha kikae kwenye meza imara, karibu na ukuta, kamwe kisizidi kimo cha kifua chako. Waya usikatize njia wala kuning'inia. Soketi moja usiibebeshe kila kitu, na stovu ya mafuta ya taa iwe mbali na pazia. Wageni wasikupangie jiko kwa macho yao. Na ukimuumiza mtu, sema ni wewe, hapo hapo, mbele ya wale wale waliokuwapo, maana mwenye kuumizwa hatakungoja milele.

Mungu akulindie mikono ya wote watakaoingia jikoni mwako, na akupe ujasiri nilioukosa mimi.